Farasi wa Nevada ni Mwenyeji Aliyerudi

Katika nyika kavu za Nevada, Wyoming na majimbo jirani ya magharibi mwa Marekani, farasi na punda zaidi ya 70,000 wanazurura bila mwenyewe. Sheria ya mwaka 1971 inawalinda, lakini shirika la serikali linalosimamia ardhi hiyo linataka wasizidi 26,000 hivi. Wafugaji wa ng'ombe na wataalamu wengi wa wanyamapori wanawahesabu kuwa wageni, wazao wa mifugo iliyotoroka kwa Wahispania. Ni kweli kwamba mvamizi Mhispania Hernán Cortés alishusha farasi Mexico mwaka 1519, na kwamba kabla ya Wahispania kufika bara zima halikuwa na farasi hata mmoja. Hata hivyo, kuanzisha historia yao siku ile meli zilipotia nanga ni kufuta sehemu yake iliyo ndefu kuliko zote.

Ukoo wa farasi ulizaliwa Amerika Kaskazini yapata miaka milioni 55 iliyopita, na visukuku vya huko vinaonyesha mnyama mdogo mwenye vidole kadhaa akigeuka, kizazi baada ya kizazi, kuwa mkimbiaji wa kwato moja. Baadhi yao walivuka kwenda Asia wakati eneo la Bering, kati ya mabara hayo mawili, lilipokuwa nchi kavu. Kutoka kwa wahamaji hao wakatokea punda, farasi wa Asia, na punda milia wa Serengeti, ambaye hakuna anayemwita mgeni Afrika. Waliobaki nyumbani walitoweka mwishoni mwa enzi ya barafu, ingawa vinasaba vilivyopatikana katika udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, vinaashiria kwamba huenda wachache waliendelea kuishi huko kwa maelfu ya miaka zaidi. Vinasaba vya mifupa ya kale vinaonyesha pia kwamba farasi wa pande mbili za Bering walizaliana. Aliyerudi na Wahispania alikuwa ndugu wa damu wa wale waliotoweka.

Wapo wanaosema kwamba aliyerudi ni mfugo, si mnyama wa porini. Lakini farasi wa leo walianza kufugwa katika nyika za kusini mwa Urusi takriban miaka 4,200 iliyopita, muda mfupi sana katika umri wa ukoo huu. Ufugaji uliwapa utulivu na mgongo imara. Meno ya kusaga nyasi kavu na miguu ya kukimbia walikuwa nayo tangu zamani.

Hoja nzito zaidi ni ya mazingira. Simba wakubwa wa Amerika waliowinda farasi hawapo tena, na makundi yanaweza kuongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 kwa mwaka, yakikanyaga chemchemi na kumaliza nyasi ambazo wanyama wengine wanazihitaji. Madhara hayo ni ya kweli, na anayewapenda farasi hana haki ya kuyaficha. Ila yanahusu idadi, hayahusu asili. Hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini iliwaua tembo kwa maelfu hadi mwaka 1994 kwa kuwa walionekana wamezidi, na hakuna aliyedai kwamba tembo si wa Afrika. Isitoshe, malisho hayohayo ya umma wanapewa ng'ombe, ambao nao walifika kwa meli kutoka Ulaya.

Kumhesabu farasi kuwa mwenyeji hakumpi ruhusa ya kuzaana bila kikomo. Kunabadilisha namna ya kumpunguza. Leo wengi hufukuzwa kwa helikopta na kufungiwa mazizini, ambako wamekwisha kurundikana kwa makumi ya maelfu kwa gharama ya walipa kodi. Chanjo ya kuzuia mimba, inayopigwa kwa mshale, ipo na inafanya kazi. Na katika milima ya mpaka wa California na Nevada watafiti waliona puma wakila watoto wa farasi kiasi cha kuzuia kundi lisiongezeke. Bado Nevada inaruhusu puma kuwindwa. Kama farasi ni mwenyeji, mwindaji wake naye astahili kuachwa hai katika milima hiyo.