Televisheni za Nukta Milioni Nane

Mwaka 1973 Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za bara letu zilikuwa na picha nyeusi na nyeupe tu, au hazikuwa na televisheni kabisa. Ndugu zetu wa Tanzania Bara walisubiri hadi mwaka 1994. Hatua ile haikuhitaji kuelezwa na muuza duka. Kanga nyekundu ilionekana nyekundu, na bahari ikawa bahari, hata kwa bibi aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi.

Leo wananchi wa Unguja na Pemba wanaambiwa kwamba wamefikiwa na hatua nyingine kama ile, nayo ni televisheni za 4K, na nyuma yake zile za 8K. Tunaona ni wajibu wetu kulipima dai hilo, kwa kuwa wapo wanaouza seti nzima isiyo na kasoro, au wanaokopa kwa kukatwa mshahara, ili wasiachwe nyuma.

Picha ya televisheni ni mkusanyiko wa nukta. Seti ya HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla yake milioni mbili na kidogo. Ya 4K ina milioni nane na ziada, na ya 8K ina zaidi ya milioni 33. Hesabu hizo ni za kweli, wala hatumtuhumu mfanyabiashara kwa uwongo. Lakini nukta hutazamwa kwa jicho, na jicho lina mpaka wake. Mtu mwenye macho mazima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya kiasi cha sehemu moja ya sitini ya digrii. Vikikaribiana zaidi ya hapo, huviona kitu kimoja. Kwa hivyo kwenye kioo cha inchi 55, nukta za HD hupotea machoni mtu akikaa umbali wa kiasi cha mita 2.2. Ili azifaidi zile za 4K inambidi asogee karibu zaidi ya hapo, na akifika mita 1.1 ndipo azione zote. Za 8K zinamtaka akae kiasi cha nusu mita, yaani pua yake ikaribie kugusa kioo.

Sasa tutazame nyumba zetu. Viti hupangwa kwa kufuata kuta, televisheni ikawa ukuta wa pili, na baina yake pana mita tatu au zaidi. Wanaokaa karibu ni watoto waliomo mkekani, nao kila siku huambiwa na mama zao wasogee nyuma.

Tena kuna suala la picha inayoletwa. Filamu inayochezwa dukani ili kumvutia mnunuzi imetengenezwa maalumu kwa seti ile: maua, samaki wa rangi, matone ya maji. Nyumbani atatazama taarifa ya habari, mpira na tamthilia kupitia king'amuzi, na sehemu kubwa ya chaneli hizo bado huja kwa kipimo cha kawaida, ambacho kwa mfumo tulioufuata ni nukta 720 kwa 576. Ukigawa, utakuta kila nukta moja iliyotumwa inapaswa kujaza nafasi ya nukta 20 katika kioo cha 4K. Seti hubahatisha zile 19 zilizobaki. Hii ndiyo sababu baba hufika nyumbani na televisheni kubwa, akaiwasha mbele ya jamaa, na nyuso za wasomaji habari zikaonekana kama zimepakwa ukungu.

Hata BBC ya Uingereza haina chaneli ya kudumu ya 4K. Picha hizo huzitoa kwa intaneti kwa baadhi ya vipindi na mashindano. Japani, kupitia NHK, ilianzisha chaneli ya setilaiti ya 8K tarehe 1 Desemba 2018, na hadi leo mataifa mengi hayajakimbilia kuifuata. Anayesema atatumia intaneti naye apige hesabu: mtiririko wa megabiti 15 kwa sekunde, ambao ndio wa kawaida kwa 4K, humaliza kiasi cha gigabaiti 10 katika mpira wa dakika 90.

Hatusemi kwamba seti mpya hazina jema lolote. Nyingi zina weusi ulio mweusi kweli na mwangaza bora, na hayo huonekana hata kwa aliye mbali. Tena kwa vioo vikubwa, seti za 4K ndizo zilizojaa sokoni, na anayenunua kwa sababu ya zamani imekufa hana haja ya kuikimbia. Tunachokipinga ni kuitupa iliyo nzima, au kuongeza fedha kwa ajili ya hesabu ya nukta peke yake. Fedha hizo zingenunua spika nzuri, antena iliyofungwa sawasawa, na kifaa cha kuikinga seti na umeme unaopanda na kushuka.

Kwa maofisa wenye dhamana ya manunuzi tuna ombi mahususi. Linapoletwa pendekezo la kubadilisha vioo vya kumbi za mikutano na vyumba vya kungojea wagonjwa, iulizwe kwanza mtazamaji wa karibu atakaa mita ngapi, na kitakachoonyeshwa kinatoka wapi na kwa kipimo gani. Majibu yakikosekana, fedha zielekezwe kwenye taa, kamera na vinasa sauti vya watayarishaji wetu. Taarabu ambayo ganuni yake haisikiki kwa mkwaruzo haiponi kwa kuongezewa nukta.