Mtoto Wangu Mbona Hasemi? Hatua za Mtoto wa Mwaka 1 hadi 3

Kama una mtoto mdogo hapo karibu nawe, mpakate umtazame tunapozungumza, kwa maana leo mada yetu ni yeye.

Tuanze na mfano. Mama mmoja ana binti wa miaka 2 na miezi 2. Mtoto ni mchangamfu kweli kweli. Huamka kabla ya jogoo, humwaga maji ya beseni, huvaa kiatu kimoja cha baba yake na kuzunguka nacho uani. Akitaka uji, humshika mama mkono na kumvuta mpaka jikoni. Lakini hasemi. Neno lake ni moja tu, "ma", nalo hulitumia kwa mama, kwa maji na kwa mbuzi. Mtoto wa jirani, wa rika lake, tayari husema "nataka mkate" na "baba amekuja".

Mama huyu akimweleza mama mkwe wake, huambiwa, "Wacha wasiwasi, mwanangu. Hata baba yake alichelewa, na leo hanyamazi." Shangazi naye anasema mtoto akatwe kilimi. Majirani wananong'ona kuhusu laana. Basi mama ananyamaza na kusubiri. Mwezi unapita, mwingine unaingia.

Je, msikilizaji, mama huyu aendelee kusubiri au aende kliniki? Hilo ndilo swali letu leo.

KILA MTOTO NA WAKATI WAKE

Mama mkwe hakusema uongo. Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofuata watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wako waliotembea peke yao wakiwa na miezi 8, na wako waliokaribia miezi 18. Wote walikuwa wazima. Tena watoto kama 4 kati ya kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, na bado walitembea. Kwa hiyo usimpige mtoto wako vipimo kwa mtoto wa jirani.

Hapa kwetu pia kuna funzo. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alichapisha habari za watoto wa Wakipsigis katika eneo la Kokwet. Watoto hao waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa muda wa kama mwezi mmoja. Sababu ilikuwa nini? Mama zao na ndugu zao walikuwa wakiwafundisha kila siku kuketi na kutembea. Katika mambo ambayo hawakufundishwa, hawakuwa mbele namna hiyo. Maana yake ni kwamba mtoto huendelea pale anapopewa nafasi na mtu wa kumsaidia.

Lakini sikiliza vizuri. Kila mtoto ana wakati wake, ndiyo, na wakati huo una mpaka. Mtoto akifika mpaka na hajafanya jambo fulani, mtu mwenye ujuzi anafaa kumwangalia.

NGAZI YA KUKUA

Tazama ngazi hii, na ulinganishe na mtoto wako mwenyewe.

Miezi 12: Mtoto wengi husimama kwa kushikilia kiti au ukuta. Huitika jina lake kwa kugeuka. Hupunga mkono wa kwaheri. Huenda ana neno moja au mawili.

Miezi 18: Anatembea peke yake. Ana maneno kadhaa, hata kama hayatamki sawasawa. Ananyoosha kidole kukuonyesha ndege, gari au mbuzi, kisha anakutazama kuona kama nawe umeona. Kidole hicho ni jambo kubwa, kwa sababu kwacho mtoto anazungumza kabla ya kupata maneno.

Miaka 2: Anaunganisha maneno mawili: "maji moto", "mama kuja". Ukimwambia "leta kiatu", analeta bila wewe kuonyesha kwa mkono. Anapiga mpira kwa mguu na anajaribu kujilisha kwa kijiko, ingawa nusu ya uji huishia kifuani.

Miaka 3: Anasema sentensi fupi, na hata mgeni huelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Anacheza na wenzake na kuigiza kupika, kunyonyesha au kuendesha matatu.

Wazazi wengi huuliza: "Nyumbani tunasema Kikamba, mtaani Kiswahili, na yaya anamsemesha Kiingereza. Je, si ndiyo sababu anachelewa?" Hapana. Lugha mbili au tatu hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Hesabu maneno yake yote, ya kila lugha, kwa pamoja. Zungumza naye lugha unayoijua vizuri, ile unayoweza kumchekesha na kumbembeleza kwayo.

KWANZA, ANASIKIA?

Mtoto husema anachosikia. Kwa hiyo mtoto asiyesema, jambo la kwanza ni masikio. Huenda alizaliwa na tatizo la kusikia. Huenda aliugua homa ya uti wa mgongo, au alipozaliwa alipata manjano kali. Na mara nyingi ni jambo la kawaida zaidi: mafua yasiyoisha, maji yaliyokwama nyuma ya ngoma ya sikio, au sikio linalotoa usaha. Usaha ukitoka kwa siku 14 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa sikio. Usitie mafuta wala maziwa ya mama ndani. Mpeleke kituo cha afya.

Unaweza kufanya jaribio dogo nyumbani. Subiri mtoto awe ametulia anacheza. Simama nyuma yake, hatua mbili au tatu, asipoweza kukuona wala kuona kivuli chako. Mwite kwa sauti ya chini. Kisha tikisa kopo lenye punje chache za mahindi. Akigeuka, ni dalili nzuri. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke. Na hata akigeuka, kama maneno yamechelewa bado apimwe hospitali, kwa maana mtoto anaweza kusikia kopo na asisikie maneno vizuri.

Na kuhusu kilimi: kukata kilimi, au utando ulio chini ya ulimi, kwa wembe wa nyumbani ni hatari. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata maambukizi. Wala hakumpi mtoto maneno.

DALILI ZA KUTOSUBIRI

Msikilizaji, hizi ziandike mahali. Usisubiri kama mtoto wako:

• hageuki kwa sauti, katika umri wowote;
• hatembei akiwa na miezi 18;
• hanyooshi kidole na hana neno lolote akiwa na miezi 18;
• haunganishi maneno mawili akiwa na miaka 2;
• anatumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka mmoja, na ule mwingine ameukunja au ni mlegevu;
• amepoteza jambo alilokuwa akilijua, kwa mfano alisema na sasa amenyamaza, au alitembea na sasa hatembei. Huyu aende upesi.

Dalili hizi hazina maana kwamba mtoto ana ulemavu. Huenda ni sikio, huenda ni upungufu wa damu au lishe, huenda ni kuchelewa tu. Lakini katika miaka hii ya kwanza ubongo hujifunza kwa kasi kubwa. Mtoto asiyesikia akigunduliwa mapema, anaweza kupewa kifaa cha kusikia au kufundishwa lugha ya ishara, na akajifunza mengi. Akigunduliwa siku ya kuanza shule, miaka mingi imempita bure.

UENDE WAPI?

Anza na kliniki ya watoto, na ubebe kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Ndani yake kuna sehemu ya hatua za ukuaji. Wengi wetu huangalia uzito na chanjo, kisha tukakifunga. Mwombe muuguzi mpitie sehemu hiyo pamoja.

Tena, kuna wazazi ambao wakimaliza chanjo ya miezi 9 hawaonekani kliniki tena. Mtoto anatakiwa arudi miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua na rubella. Vitamini A hupewa kila miezi 6 hadi afike miaka 5, na dawa ya minyoo kila miezi 6 kuanzia mwaka mmoja. Siku hiyo ya miezi 18 itumie pia kuuliza: anatembea sawa? anasikia? anaonyesha kidole?

Muuguzi akiona haja, ataandika barua uende hospitali kubwa. Vilevile, Wizara ya Elimu ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianza mwaka 1984. Uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Ukiambiwa "ngoja tu" na moyo wako haujatulia, rudi uulize tena. Wewe ndiwe unayelala na kuamka na mtoto huyo.

KAZI YA KILA SIKU

Huhitaji vitu vya kununua kumsaidia mtoto. Unapochambua sukuma wiki, mpe jani na umwambie, "Hii ni mboga. Mboga ya kijani." Unapomwogesha, taja mguu, tumbo, sikio. Akisema "ma" akionyesha mbuzi, mjibu, "Ndiyo, mbuzi! Mbuzi anakula." Usimcheke, na usimlazimishe arudie. Kisha nyamaza kidogo umpe nafasi ya kujibu, hata kama jibu ni sauti tu.

Redio na televisheni haziwezi kuchukua nafasi yako, hata redio hii. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya televisheni wala simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Simu humnyamazisha mtoto, nasi tunataka aseme.

Baba, nawe umo. Dakika 10 za jioni za kumbeba, kumwimbia na kumwuliza habari za mbuzi zina thamani kubwa. Na kwa kuwa sasa mguu wake umepata nguvu, ondoa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, weka jiko mahali asipofika, na usiache ndoo ya maji wazi.

Turudi kwa mama wa mfano wetu. Alitikisa kopo, na binti yake hakugeuka. Akaenda kliniki, na mama mkwe akafuatana naye. Ikaonekana masikio yote mawili yana ugonjwa uliofuata mafua ya muda mrefu. Mtoto alipewa matibabu na barua ya kwenda kupimwa usikivu. Hakuanza kusema kesho yake. Lakini sasa watu wake wanajua wamsemeshe wakimtazama usoni, karibu na kwa sauti wazi. Wiki chache baadaye, mbuzi alipopita uani, mtoto alinyoosha kidole na kusema, "Bu." Ilikuwa "bu" tu, lakini haikuwa "ma" tena.

Msikilizaji, kusubiri hakugharimu nauli, lakini kunaweza kumgharimu mtoto. Mtazame wako leo. Ukiwa na shaka, nenda ukaulize.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wenu, watu husema nini mtoto akichelewa kusema au kutembea? Ni maneno gani yanayosaidia, na ni yapi yanayomfanya mzazi afiche mtoto?
2. Taja dalili tatu za kutosubiri.
3. Jaribio la kopo hufanywaje, na kwa nini halitoshi peke yake?
4. Ni kazi gani ya nyumbani unayoweza kuanzia kesho kuigeuza somo la kuzungumza na mtoto wako?