Haki ya Aliyeketi Benchi: Nani Anastahili Medali ya Ubingwa?

Katika michezo ya timu ushindi hutunzwa kwa vitu viwili ambavyo watazamaji wengi huviona kuwa kimoja. Cha kwanza ni kombe, ambalo ni mali ya timu nzima, huinuliwa na nahodha siku ya fainali na kisha huhifadhiwa katika kabati la klabu au la shirikisho la nchi. Cha pili ni medali, ambayo huvishwa shingoni mwa mtu mmoja mmoja, naye huenda nayo nyumbani, huweza kuwarithisha wanawe na, dhiki ikimzidi, huweza hata kuiuza. Kombe halizui ugomvi, kwa kuwa jina linaloandikwa juu yake ni la timu. Ugomvi huja na medali, kwa sababu humlazimu mwandaaji wa mashindano kuigawa kazi iliyofanywa na wengi kwa pamoja, aamue ni nani kati yao alichangia kiasi cha kustahili heshima na ni nani hakufikia kiasi hicho.

Kwa miaka mingi waandaaji wamejaribu vipimo mbalimbali. Wapo waliowapa medali waliocheza fainali peke yao, wapo wanaohesabu mechi ambazo mchezaji amecheza katika msimu, na wapo wanaompa kila aliyesajiliwa katika kikosi, yaani orodha rasmi ya wachezaji iliyowasilishwa kabla ya mashindano kuanza. Ukivipitia vipimo hivi kimoja baada ya kingine, utaona kwamba vile vinavyohesabu dakika na mechi huonekana vya haki kwa macho, lakini huwadhulumu watu ambao bila wao ubingwa usingepatikana.

Enzi ya wachezaji kumi na mmoja

Tangu Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1930 hadi lile la 1974, medali za ubingwa zilitolewa kwa wachezaji wa uwanjani katika fainali tu. Kanuni hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwani hadi mashindano ya Mexico mwaka 1970 hapakuwa na ruhusa ya kubadilisha wachezaji katika Kombe la Dunia, na wale kumi na mmoja walioanza mechi ndio walioimaliza. Hata hivyo, timu zilikwenda mashindanoni na wachezaji 22, kwa hiyo nusu ya kikosi cha mabingwa ilirudi nyumbani mikono mitupu.

Anayekumbukwa zaidi katika dhuluma hiyo ni Jimmy Greaves wa Uingereza, mshambuliaji aliyeifungia timu yake ya taifa mabao 44 katika mechi 57. Mwaka 1966 Uingereza ilicheza mechi sita hadi kutwaa ubingwa, na Greaves alicheza tatu za mwanzo, yaani nusu ya safari nzima, kabla ya kuumizwa mguu katika mechi dhidi ya Ufaransa. Nafasi yake ilichukuliwa na Geoff Hurst, ambaye alifunga bao pekee katika robo fainali dhidi ya Argentina na kisha mabao matatu katika fainali ambayo Ujerumani Magharibi ilifungwa 4–2. Hakuna awezaye kumnyima Hurst sifa yake, wala kumlaumu kocha Alf Ramsey kwa kutobadilisha timu iliyokuwa ikishinda. Dhuluma ilikuwa katika kanuni, ambayo ilimhesabu mtu aliyekwisha kucheza nusu ya mechi za ubingwa kana kwamba hakuwapo kabisa.

Pelé naye alionja shubiri hiyo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1962 nchini Chile, alifunga bao katika mechi ya kwanza ya Brazil dhidi ya Mexico, akaumia katika mechi ya pili dhidi ya Chekoslovakia na hakucheza tena. Amarildo aliyeshika nafasi yake alifunga mabao mawili dhidi ya Hispania na jingine katika fainali, na Brazil ikatwaa kombe. Kwa hiyo mchezaji pekee duniani aliyetwaa Kombe la Dunia mara tatu aliisubiri medali yake ya 1962 kwa miaka 45.

Kuanzia mwaka 1978 medali zilianza kutolewa kwa kikosi kizima, na mwezi Novemba 2007 Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, liliamua kuwapa medali wachezaji wa vikosi vyote vya mabingwa wa tangu 1930 ambao walikuwa wamezikosa. Pelé alipata ya tatu, na mwezi Juni 2009 Greaves na wenzake walikabidhiwa zao katika makao ya waziri mkuu mjini London. Baadhi yao walikuwa wameshafariki, ikabidi familia zao zipokee kwa niaba yao.

Kasoro ya kuhesabu mechi

Ligi ina ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa haina fainali na ubingwa wake hupatikana kwa pointi za msimu mzima. Katika Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo kila timu hucheza mechi 38, mchezaji alitakiwa kwa miaka mingi kucheza angalau mechi 10 ili apate medali, na kuanzia msimu wa 2012/13 kiwango hicho kikashushwa hadi mechi tano.

Kipimo hiki humwonea zaidi golikipa wa akiba. Mchezaji wa ndani anayeanzia benchi huweza kuingizwa dakika kumi za mwisho katika mechi nyingi na akatimiza idadi inayotakiwa, lakini golikipa wa akiba huingia pale tu mwenzake anapoumia, anapopewa kadi nyekundu au anapopumzishwa. Mark Schwarzer wa Australia alianza msimu wa 2014/15 akiwa Chelsea, klabu iliyotwaa ubingwa mwaka huo, akahamia Leicester City mwezi Januari 2015, na msimu uliofuata Leicester nayo ikatwaa ubingwa uliowashangaza wapenzi wa soka duniani kote. Alikuwa katika klabu mbili za mabingwa kwa misimu miwili mfululizo, na katika msimu wowote kati ya hiyo hakufikia idadi ya mechi za kumstahilisha medali.

Kuhesabu dakika kuna ubaya mwingine, nao ni kwamba humfanya kocha apange mchezo kwa ajili ya kanuni. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Korea Kusini ilikuwa ikiongoza 2–0 dhidi ya Japani katika mechi ya kuwania medali ya shaba, huku mlinzi Kim Kee-hee akiwa hajacheza hata dakika moja tangu mashindano yaanze. Sheria ya nchi yake wakati huo ilimwondolea mwanamichezo aliyepata medali ya Olimpiki wajibu wa kutumikia jeshi kwa muda uliowekwa, mradi awe ameingia uwanjani. Kocha alimwingiza dakika za mwisho kabisa za mechi hiyo, naye akapata haki yake. Kama kitendo cha ubinadamu, uamuzi huo unastahili sifa. Lakini kanuni ambayo humtambua mtu kwa dakika chache za mechi iliyokwisha kuamuliwa, na isingemtambua kwa kazi yote aliyoifanya mazoezini, haipimi mchango wa mtu.

Kazi isiyoonekana jukwaani

Timu haiwezi kujiandaa bila wachezaji wa akiba. Ili kocha awafunze wachezaji wake kumi na mmoja namna ya kukabiliana na mpinzani wa Jumamosi, lazima wapatikane wengine kumi na mmoja wa kucheza kama mpinzani huyo, wakimbie kama yeye, washambulie kama yeye na wakubali kurudia zoezi lile lile mara nyingi. Mwaka 2018 Ufaransa ilitwaa Kombe la Dunia nchini Urusi, na beki Adil Rami alimaliza mashindano bila kucheza dakika moja, ingawa alifanya mazoezi yote, alisafiri safari zote na alikuwa tayari kuitwa wakati wowote. Mtu wa namna hii hubeba mzigo wa pekee, kwa kuwa hutakiwa kuutunza mwili na moyo wake kana kwamba atacheza kesho, huku akijua kwamba huenda asicheze kamwe. Wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa, hawakusema kile kinachoonekana juu ndicho kilichofanya kazi yote.

Mbio za nyika hulithibitisha jambo hili kwa hesabu. Katika mashindano ya timu ya mbio hizo, nafasi walizomaliza wakimbiaji wanaohesabiwa hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo zaidi ndiyo hushinda. Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu za wanaume mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003, na katika kipindi hicho Paul Tergat alishinda binafsi mara tano mfululizo. Ushindi wa Tergat haukutosha peke yake kuipa Kenya ubingwa, kwani ulihitaji pia jasho la wenzake waliofika nyuma yake, ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa magazetini.

Anayeshiriki hasara ashiriki na heshima

Hoja yenye nguvu kuliko zote hutoka katika mbio za kupokezana vijiti. Katika mbio hizi timu huruhusiwa kumtumia mkimbiaji mmoja katika mchujo, yaani hatua ya kuchagua timu za kuingia fainali, na mwingine katika fainali yenyewe, na wote wawili hupewa medali. Mwaka 2008 mjini Beijing, Dwight Thomas alikimbia kwa niaba ya Jamaika katika mchujo wa mita 100 mara nne, kisha Usain Bolt akaingia mahali pake katika fainali ambayo Jamaika ilishinda. Januari 2017 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kwamba sampuli ya Nesta Carter, mwenzao katika timu hiyo, ilipopimwa upya ilikutwa na dawa iliyopigwa marufuku. Timu nzima ilipoteza dhahabu, na Bolt aliyekuwa na dhahabu tisa za Olimpiki akabaki na nane.

Ikiwa kosa la mmoja huweza kuwavua medali wote, akiwamo yule aliyekimbia mchujo tu, basi haki inadai kwamba ushindi nao uwavishe wote. Haiwezekani timu iwe mwili mmoja siku ya adhabu, kisha iwe kundi la watu mbalimbali siku ya sherehe.

Wapo wengine ambao wamefungwa na timu kwa kamba halisi. Katika Michezo ya Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwelekezi aliyeunganishwa naye kwa ugwe mfupi mkononi. Henry Wanyoike wa Kenya alishinda mita 5,000 mjini Sydney mwaka 2000 baada ya mwelekezi wake, aliyekuwa mgonjwa, kuishiwa nguvu karibu na mwisho, ikambidi Wanyoike amkokote hadi mstarini, kwa maana asingeweza kumwacha na bado akahesabiwa mshindi. Siku hizi waelekezi huvishwa medali jukwaani pamoja na wanariadha wao, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwani anayeweza kukuangusha kwa kuanguka kwake ni mwenzako katika ushindi.

Mipaka inayofaa

Wanaopinga upana huu husema kwamba medali zikiwa nyingi thamani yake hupungua. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Katika Kombe la Dunia la 2018 zilishiriki timu 32 zenye wachezaji 23 kila moja, ambao jumla yao ni 736, na mabingwa walikuwa 23 tu. Uadimu wa medali hutoka katika ugumu wa ubingwa, na mchezaji aliyecheza fainali hapungukiwi na kitu mwenzake wa benchi anapovishwa ya kwake.

Pamoja na hayo, mpaka lazima uwepo. Marco Reus aliumia siku chache kabla ya Kombe la Dunia la 2014, akaondolewa kikosini, na Ujerumani ikatwaa kombe bila yeye. Mario Götze, mfungaji wa bao la ushindi, aliinua jezi ya Reus katika sherehe, nayo ilikuwa heshima ya ndugu kwa ndugu, lakini medali haikumfikia Reus kwa kuwa hakuwamo katika kikosi cha mashindano. Uamuzi huo huuma, ila ni wa haki, kwa sababu medali ni shahada ya shindano fulani, na mwenye kuistahili ni yule aliyefungwa na wajibu wa shindano hilo tangu lilipoanza.

Kipimo kinachofaa, basi, ni wajibu. Anastahili medali kila mchezaji aliyesajiliwa na aliyekuwa tayari kuitwa, aliyeumia akiwa kazini, pamoja na kocha aliyewaandaa, ingawa Olimpiki hadi leo haiwavishi makocha medali. Kipimo hiki kinawahusu pia waandaaji wa mashindano ya shule, ya mitaa na ya wilaya katika Afrika Mashariki, ambao mara nyingi bajeti yao ni ndogo. Ni heri kununua medali za bei nafuu zikatosha orodha nzima ya usajili kuliko kununua chache za fahari, kwa kuwa kijana anayejua kwamba kazi yake ya benchi inatambuliwa atarudi mazoezini kesho yake kwa bidii, na timu yenye vijana wa namna hiyo ndiyo inayoweza kutetea ubingwa wake.