Saa ya mkononi ikisema moyo unakwenda mbio, tuiamini?

Dereva bodaboda mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, alitupigia simu wakati wa kipindi chetu cha afya akiwa na hofu. Alikuwa amenunua saa janja, zile zenye taa ya kijani kwa chini. Akiwa amebeba abiria kwenye barabara ya vumbi, saa ilimwonyesha mapigo ya moyo 170 kwa dakika. Aliposimama akakaa kivulini, haikupita muda ikasoma 80. Akatuuliza kama ana ugonjwa wa moyo.

Hatuwezi kumpima mtu kwa simu, na tulimwambia hivyo. Lakini swali lake ni la wengi. Saa hizi zinauzwa Bukoba mjini na hata kwenye magulio, na wengi wanaozivaa hawajawahi kuelezwa zinavyofanya kazi.

Saa hiyo haisikii moyo. Inamulika ngozi ya mkono kwa taa ya kijani, na damu, kwa kuwa ni nyekundu, hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa midogo ya mkononi, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Kabla ya pigo linalofuata mwanga huo huongezeka tena. Kijicho kidogo kilicho karibu na taa hufuatilia kupanda na kushuka huko, kisha programu iliyomo ndani ya saa hukadiria namba. Zile programu za simu zinazokutaka ubonyeze kidole juu ya kamera na tochi hutumia njia hiyohiyo.

Taabu ni kwamba mwanga unaweza kubadilika kwa sababu nyingine kabisa. Saa ikilegea, mwanga wa jua huingia kwa pembeni. Mkono ukitikisika, saa husogea na damu chini ya ngozi nayo husogea. Sasa mfikirie dereva wetu: usukani unatetemeka, kiganja kimekaza, kifundo kimekunjwa. Saa inaweza kuuhesabu mtikisiko wa barabara kama mapigo ya moyo. Mtu anayetembea kwa haraka hupiga hatua kama 110 au 120 kwa dakika, na saa nyingine hudaka mwendo wa miguu badala ya moyo, ikasoma hatua ikidhani ni mapigo. Kulima, kupiga makasia na kuvuta nyavu huleta usumbufu wa aina hiyo. Baridi nayo husumbua, maana mishipa ya mikononi hujibana. Anayekesha nje kwenye mvua ya Novemba akisubiri senene asishangae saa ikikosa kusoma kitu.

Mwaka 2018 huko China watu walizifunga bangili za aina hii kwenye gombo la karatasi ya chooni, nazo zikatoa namba ya mapigo. Ukiifunga yako kwenye ndizi, huenda ikakupa namba pia.

Wapo waliotuuliza kama ngozi nyeusi inazidanganya saa hizi. Swali hilo lina msingi, kwa sababu rangi ya ngozi yetu nayo hufyonza mwanga wa kijani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivipima vifaa 7 kwa watu 60. Vifaa 6 vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5, lakini makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima watu 53 na hawakuona tofauti ya maana kwa rangi ya ngozi. Walichokiona ni makosa kuongezeka mwili unapokuwa kwenye shughuli. Kwa hiyo suala la ngozi bado lina ubishi, la mtikisiko halina. Tukumbuke pia kwamba vifaa vya Stanford vilikuwa vya kampuni zenye majina, si hizi saa zisizo na jina za kwenye gulio.

Kipimo kizuri zaidi unacho mkononi, na hakihitaji chaji. Kaa utulie dakika 5. Geuza kiganja kitazame juu, weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba, pale kifundo kinapoanzia. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kina mapigo yake. Tumia simu kuangalia muda, hesabu sekunde 30, kisha zidisha mara 2. Ukihisi mapigo yanarukaruka, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Watoto huenda mbio zaidi, na mtu mwenye mazoezi mengi anaweza kuwa chini ya 60 akiwa mzima kabisa.

Mapigo yakiwa juu wakati umetulia, moyo si lazima uwe mbovu. Homa huyapandisha, malaria ikiwemo. Upungufu wa damu huyapandisha, hofu pia. Hata kahawa, ya kunywa au ile yetu ya kutafuna, inaweza kuyaongeza kwa muda. Lakini yakizidi 100 kila unapohesabu ukiwa umetulia, nenda zahanati, na uziandike hizo namba pamoja na saa ulizopima.

Kilichotusukuma kuandika haya, hata hivyo, ni ujumbe mwingine. Mama mmoja alibanwa kifua na kukosa pumzi usiku. Wanawe wakatazama saa, ikasoma 76, wakamwambia apumzike tu. Alifika hospitali asubuhi, na tunashukuru amepona. Namba ile huenda ilikuwa sahihi. Mtu anaweza kuwa na shambulio la moyo huku mapigo yake yakiwa ya kawaida. Maumivu au kubanwa kifua, hasa yakielekea begani, mkononi au kwenye taya, kukosa pumzi, jasho la baridi, kuzimia: dalili hizi hazisubiri saa wala hesabu ya vidole. Muleba kuna hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na Bukoba kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kwa anayehitaji zaidi, rufaa inaweza kumpeleka Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kuna wauzaji wanaosema saa hizohizo zinapima presha na sukari. Mapigo na presha ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuwa na mapigo 70 na presha ya kutisha. Presha ipimwe kwa mkanda unaojazwa hewa juu ya kiwiko. Kuhusu sukari, Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kuipima yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dawa zake kwa namba ya saa anaweza kuzidisha dozi, sukari ikashuka mno, akapoteza fahamu.