Ngozi Inayosinyaa Polepole: Maradhi Sugu Yaletwayo na Kupe

Katika nchi za Ulaya ya kati na ya kaskazini, mwanamke aliyevuka umri wa miaka 40 aweza kuona kwamba ngozi ya mguu wake mmoja imegeuka rangi, ikawa nyekundu yenye kuelekea zambarau, na kwamba kisigino kimevimba. Hana kidonda, hana homa, na maumivu ni kidogo. Mara nyingi huambiwa kwamba ni udhaifu wa mishipa ya vena, au baridi, au dalili za uzee. Hupewa soksi za kubana na mafuta ya kupaka, na miaka hupita. Siku maradhi yanapotambuliwa, huenda ngozi imekwisha kuwa nyembamba kama karatasi. Maradhi hayo huitwa akrodematitisi kronika atrofikansi. Husababishwa na bakteria, na hutibika kwa dawa za kawaida. Lakini ngozi iliyokwisha kusinyaa hairudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo, kuchelewa ndiko kunakomdhuru mgonjwa.

Chanzo cha maradhi

Daktari Alfred Buchwald aliyaeleza maradhi haya mwaka 1883 katika mji wa Breslau, na mwaka 1902 Karl Herxheimer na Kuno Hartmann wakayapa jina linalotumika hadi leo. Chanzo chake hakikujulikana kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1940 madaktari wa Sweden waliona kwamba penisilini huwapa wagonjwa nafuu, jambo lililoashiria kwamba kuna kijidudu ndani yake. Mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza kwamba wamewapata bakteria wenye umbo la parafujo ndani ya kupe wa Marekani, nao ndio wasababishao maradhi ya Lyme. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Sweden waliwaotesha bakteria wa jamii hiyo kutoka katika ngozi ya mgonjwa wa akrodematitisi.

Leo inajulikana kwamba bakteria anayehusika zaidi ni Borrelia afzelii, anayeenezwa na kupe aitwaye Ixodes ricinus. Bakteria huyo hapatikani Marekani, na ndiyo sababu maradhi haya ni adimu huko, ingawa maradhi ya Lyme yenyewe yameenea. Kupe huwapata bakteria anapofyonza damu ya panya na wanyama wengine wadogo wa msituni. Tunutu wake, ambaye hazidi punje ya ufuta kwa ukubwa, humuuma mtu bila kumwamsha wala kumwashia. Hivyo wagonjwa wengi hawakumbuki kamwe kuumwa.

Hatua mbili

Hatua ya kwanza ni ya uvimbe na mabadiliko ya rangi. Huanza miezi mingi au hata miaka kadhaa baada ya maambukizi, hasa juu ya nyayo, kwenye kifundo cha mguu, goti, kiwiko au mgongo wa mkono. Kwa kawaida huanzia upande mmoja wa mwili. Pengine vinundu vigumu hujitokeza karibu na kiwiko.

Hatua ya pili ni ya kusinyaa. Ngozi huwa nyembamba, kavu, yenye mikunjo midogo, na mishipa ya damu huonekana wazi chini yake. Vinyweleo hupukutika. Jeraha dogo huchelewa kupona. Wagonjwa wengi pia hupata ganzi, mchomo au maumivu ya kugusa tu, kwa kuwa neva za sehemu hiyo zimeathirika.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi. Sehemu iliyoathirika huweza kuonekana kama imekoza weusi tu. Kwa hiyo mhudumu wa afya asitegemee macho peke yake. Ashike ngozi kwa vidole, alinganishe miguu yote miwili, na aulize habari za ganzi.

Utambuzi na tiba

Mambo matatu huunganishwa: sura ya ngozi, kipimo cha damu, na uchunguzi wa kipande cha ngozi. Katika maradhi haya kingamwili za aina ya IgG huwa nyingi sana, hata kipimo kikitoka bila kingamwili hizo, daktari hana budi kutafuta sababu nyingine.

Tiba ya kawaida ni doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 21 hadi 28. Amoksilini hutumika pale ambapo doksisaiklini haifai. Neva zikiwa zimeathirika, daktari aweza kuchagua seftriaksoni ya sindano. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba rangi na uvimbe hupungua polepole kwa miezi kadhaa baada ya dawa kwisha. Aelezwe pia kwamba kingamwili hubaki katika damu kwa miaka mingi. Kurudia kipimo ili kuthibitisha kupona hakuna faida, na kurudia dawa kwa sababu ya kipimo hicho ni kosa.

Kupe na papasi

Maradhi haya yasichanganywe na homa ya papasi ijulikanayo Afrika Mashariki. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na hueneza Borrelia duttonii, aliyepewa jina la Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyefariki Kongo mwaka 1905 akiuchunguza ugonjwa huo. Homa hiyo huja na kuondoka kwa vipindi, haisinyazi ngozi. Lakini mtu aliyeishi Ulaya na kurejea nyumbani aweza kuja na akrodematitisi bila kujua. Ngozi iliyobadilika rangi pamoja na ganzi humfanya mhudumu afikirie ukoma, na ni haki kuupima. Ukoma usipoonekana, mgonjwa aulizwe aliishi wapi, na kama alikuwa akitembea au kufanya kazi msituni.

Kinga

Hakuna chanjo ya binadamu iliyozoeleka kwa maradhi haya. Anayekwenda msituni au kwenye nyasi ndefu avae suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, na akirudi ajikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Kupe akionekana, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu moja kwa moja. Asipakwe mafuta wala kuchomwa kwa moto. Kadiri anavyokaa mwilini ndivyo hatari inavyozidi. Na doa lolote linalotanuka katika wiki zinazofuata lipelekwe kwa daktari, kwani maambukizi yakitibiwa wakati huo, ngozi huokolewa kabla haijaanza kusinyaa.