Macho ya Watoto Wetu Wakati wa Vuno

Wanachama wetu, kila vuno linapokaribia twazoea kuujaza ukurasa huu kwa mambo ya majamvi, kamba na ujira wa wachumaji. Safari hii tumeona yatupasa kutia neno juu ya jambo lisilopimwa kwa pishi, nalo ni macho ya watoto. Hakuna asiyejua kwamba wakati wa karafuu shamba zima huwa na watoto. Mchana wako chini ya miti wakiokota zilizoanguka, na usiku hukaa pamoja na mama zao wakichambua makonyo.

Vuno lililopita mtoto wa mwanachama mmoja, umri wake miaka sita, alikuwa chini ya mkarafuu hali mchumaji yuko juu akivuta tawi kwa kingoe. Tawi lilimponyoka mchumaji, na kijiti kikampiga mtoto jichoni. Jicho likawa jekundu, machozi yakamtoka, na ilipofika jioni akaonekana hajambo kidogo. Wazee wakasema ataamka salama, wakamtia maji ya majani. Siku ya nne likatokea doa jeupe mbele ya jicho, ndipo alipopelekwa hospitali. Dakta aliliokoa jicho lenyewe, lakini kovu limebaki, na kwa jicho hilo mtoto huona kama mtu atazamaye nyuma ya pazia. Baba yake ameturuhusu kuyasimulia haya bila ya kumtaja.

Kosa si la kijiti peke yake. Mbele ya jicho pana ngozi nyembamba iliyo safi kama kioo, na mkwaruzo wa kijiti kibichi huipasua na kuingiza vijidudu na kuvu vya mtini. Kidonda cha namna hiyo kikidakwa siku ya kwanza aghalabu hupona bila ya alama. Kikiachwa siku tatu nne, huacha kovu, na kovu mahala pale haliondoki kwa dawa ya matone. Kwa hiyo mtoto aliyepigwa na kijiti, akiwa bado ana maumivu, machozi, au hawezi kuutazama mwanga, apelekwe siku ile ile, hata kama karafuu ziko juani na wingu linakuja.

Twajua kwamba wengi wetu tumelelewa kwa maziwa ya mama, majani yaliyotwangwa, hata mkojo, kutiwa jichoni. Hatuwacheki wazee wetu, lakini vitu hivi si safi, na jicho lenye kidonda haliwezi kuvistahamili. Vile vile tusichukue chupa ya dawa iliyobaki kwa jirani. Ziko dawa za matone ambazo hupunguza wekundu upesi, mzazi akafurahi, kumbe ndani zinakipa kidonda nguvu ya kuenea. Na wanja wa manga tunaowapaka vichanga wetu, mara nyingi una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Uzuri wa mtoto haupungui kwa kukosa wanja.

Ikiwa kitu chenye ncha kimelichoma jicho na kuingia, msikivute, msilioshe jicho wala kulibonyeza. Lifunikeni kwa kikombe kisafi kisichogusa jicho, mwende hospitali saa ile ile. Lakini ikiwa ni chokaa, mambo ni kinyume: maji kwanza, safari baadaye. Chokaa huendelea kulila jicho kila dakika, basi mwagieni maji safi mengi kwa muda wa nusu saa, huku mmeufungua ukope na kuondoa chembe zilizobaki, kisha ndiyo mtafute gari. Fanyeni hivyo hivyo kwa mafuta ya karafuu. Mtoto aliyekuwa akichambua akajifikicha macho atalia kwa ukali wake, naye aghalabu hutulia akioshwa. Asipotulia, apelekwe.

Yako na mengine yasiyotoka shambani. Kichanga ambaye macho yake yanatoa usaha katika mwezi wa kwanza asingojwe hata usiku mmoja, kwani yako maradhi anayoyapata mtoto wakati wa kuzaliwa ambayo huweza kulitoboa jicho kwa siku chache. Mwaka 1881 Dakta Credé wa Leipzig, Ujerumani, alitangaza namna ya kuyazuia kwa tone la dawa mara tu mtoto azaliwapo, na mpaka leo wakunga wa hospitali huwatia watoto dawa kwa sababu hiyo.

Mboni ikionekana nyeupe, au ikang'aa kama jicho la paka katika mwanga au katika picha, hilo nalo si la kungoja. Huenda ikawa mtoto wa jicho, maana si maradhi ya wazee tu, au huenda ikawa saratani, ambayo ikiwahiwa mtoto hupona. Makengeza yanayodumu baada ya miezi minne nayo yaonyeshwe kwa tabibu. Wako wasemao mtoto atakua nayo yaondoke. Ukweli ni kwamba ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na jicho lisilotumiwa wakati huo hubaki dhaifu maisha.

Mtoto anayejikwaa kila magharibi ilhali mchana yu salama, huenda amepungukiwa na vitamini A. Tunavyo visiwani mapapai, maembe, kisamvu na mchicha, na matone ya vitamini hutolewa kila miezi sita kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Wapelekeni, na chanjo ya surua msiiache, kwani surua imewapofua wengi.

Ama macho mekundu ya kuambukizana, kama yale yaliyoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024, mengi hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili. Mikono ioshwe, na kila mtu awe na taulo yake. Maumivu makali, kuchukia mwanga, au kuona kwa ukungu, hayo ndiyo ya kupeleka hospitali.

Walimu wa skuli na wa chuoni twawaomba watuambie wakimwona mtoto anaishika juzuu karibu na pua. Pengine si mzito wa kufahamu, anahitaji miwani tu.

Kamati imekubaliana kwamba vuno hili kila uwanja wa kuanikia uwe na dumu la maji safi lenye mfuniko, lisilotumiwa kwa kazi nyingine, na watoto wakae mbali na mti wakati tawi linavutwa. Mwanachama ambaye mtoto wake ameumia jicho naye hana nauli, aje kwa katibu wakati wowote, hata usiku. Hesabu za nauli zitafanywa baadaye, karafuu zikishauzwa.