Chumba cha Vitabu Kilichoungua Glasgow

Mara nyingi wazazi hutuuliza hivi: «Mtoto anayejifunza kuchora na kuchonga, vitabu vyamfaa nini? Si mkono wake tu na kisu chake?» Swali hilo si la upuuzi. Hata wanafunzi wengine hudhani kwamba nyumba ya vitabu ni ya waganga na wanasheria, lakini fundi huzaliwa na ufundi wake mkononi. Leo twapenda kuwajibu kwa habari ya chuo kimoja cha Ulaya.

Chuo hicho ni Glasgow School of Art, katika nchi ya Uskoti. Kilianzishwa mwaka 1845 kuwafundisha watu ubunifu, yaani ufundi wa kuvipa umbo zuri vitu vya kutumiwa kila siku. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Charles Rennie Mackintosh, aliyezaliwa mwaka 1868. Mchana alifanya kazi kwa wachora ramani za majengo, na jioni alikwenda kusoma. Baadaye ndiye aliyelichora jengo jipya la chuo kile kile. Lilijengwa kwa vipindi viwili, 1897 hata 1899, na 1907 hata 1909. Katika kipindi cha pili maktaba ilitiwa ndani yake: chumba cha mbao zilizotiwa rangi ya giza, chenye roshani kuzunguka pande zote, madirisha marefu, na taa za madini zilizoning'inia katikati. Watu walitoka nchi za mbali kuja kukitazama.

Kazi ya mtunza maktaba

Asidhani mtu kwamba mtunza maktaba ni bawabu mwenye funguo. Tuseme kijana wa chuo cha sanaa ataka kubuni kiti. Amefika mbio, kalamu mkononi. Mtunza maktaba mwema humwuliza kwanza: «Kiti cha nani? Cha mzee, au cha mtoto wa shule? Cha mti gani?» Kisha humwonyesha njia. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa hesabu aliyoitoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Sanaa huanzia 700: majengo ni 720, vyombo vya udongo 738, nguo na ufumaji 746, viti na meza 749. Mwenye kuijua hesabu hiyo hapotei, hata akiingia maktaba asiyoizoea.

Tena katika chuo cha namna hii hamna vitabu peke yake. Mna michoro, picha, magazeti ya zamani, vipande vya vitambaa, na barua za mafundi waliokwisha kufa. Siku hizi mengi huonekana kwa intaneti, lakini wingi huo ni kama msitu: aingiaye bila kiongozi hutoka na kuni mbichi. Kwa hiyo kijana hufundishwa kuuliza: Picha hii ni ya nani? Ni ya mwaka gani? Kitu chenyewe kina ukubwa gani? Hufundishwa pia kumtaja yule aliyempatia wazo, kwa maana kujipatia sifa kwa kazi ya mwenzako ni wizi. Na kitabu kisichopo, mtunza maktaba humwombea katika maktaba nyingine.

Moto

Tarehe 23 Mei 2014, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakitayarisha maonyesho yao. Gesi iliyotoka katika kopo la povu ilifikia mashine ya kuonyeshea picha, iliyokuwa na joto, ikawaka. Moto ukapanda juu upesi. Hakuna mtu aliyekufa, na wazimamoto waliokoa sehemu kubwa ya jengo. Lakini maktaba ya Mackintosh iliteketea, pamoja na vitabu na magazeti ya kale yaliyowekwa humo. Vitabu vya kila siku vilikuwa katika nyumba nyingine ya chuo, navyo vilisalimika.

Ndipo faida ya kumbukumbu ilipoonekana. Wachimbuzi wa mambo ya kale walichambua majivu, wakaokota vipande vya taa na mabaki ya vitabu. Vitu vilivyolowa maji ya kuzimia moto vilikaushwa kwa uangalifu. Waliotaka kukijenga chumba upya walifungua michoro na picha za zamani, wakazilinganisha na mabaki ya mbao. Kumbe mbao zile zilikuwa za mti uitwao tulip, uliotoka Marekani, tena nyingi zilipigiliwa misumari tu! Chumba kilichotazamwa kwa miaka zaidi ya mia kilikuwa bado na siri.

Kazi ilipokaribia mwisho, usiku wa tarehe 15 Juni 2018, moto wa pili ulilila jengo zima, zikabaki kuta. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 haukuweza kutambua chanzo chake. Lakini kumbukumbu za chuo zilikuwa zimekwisha hamishiwa mahali pengine, nazo zilipona. Basi mwenye kutaka kujenga tena ana pa kuanzia. Tusidanganyane, hata hivyo: kitabu kilichoungua bila nakala hakirudi.

Na sisi je?

Kwetu Kongo shule ya sanaa si jambo geni. Mwaka 1943 Frère Marc Wallenda alianzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi. Mwaka 1949 ilihamia mji mkuu, na tangu mwaka 1957 yaitwa Académie des Beaux-Arts. Lakini mafundi wetu wengi wako vijijini. Yuko mzee achongaye viti, yuko mama afinyangaye vyungu, na vipimo vyao havikuandikwa popote.

Kwa hiyo, mzazi mpenzi, mpe mtoto wako daftari na kalamu. Mwambie akae karibu na babu, akichore kiti chake, akipime urefu na upana, aandike jina la mti, jina la fundi na mwaka. Asipojua, aulize. Kisha daftari liwekwe mahali pakavu, na nakala yake ipelekwe shuleni. Mkono na kisu vitafanya kazi yao. Daftari litamwambia mjukuu ilivyofanywa.